Kumi na Mmoja Waliomnukuu Bi Kadija

Nasreen Fadhil amepanga chumba cha juu nyumbani kwangu, mtaa wa Langoni hapa Amu, na kazi yake ni kuyasoma yale ambayo wengine hawataki kuyasoma. Ndivyo ninavyowajibu majirani wanaouliza yule binti wa Ndau anafanya nini na kompyuta kutwa nzima. Nawaambia kwamba mtu akitaka kufanya utafiti, kwanza hana budi kujua waliomtangulia wamesema nini, wamekubaliana wapi na wamekosana wapi. Huko kunaitwa mapitio ya maandishi. Wengi hawana subira nayo, basi humpa Nasreen awatafutie na kuwachambulia. Kuandika wanaandika wenyewe. Kuna aliyewahi kumtaka amwandikie tasnifu yote, akafungiwa namba asipige tena.

Mimi Mahfudha nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na hasira zangu zinajulikana mtaa mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa hiki cha Nasreen kilinipandisha mori na bado haujashuka.

Alizaliwa Ndau, kisiwa ambacho hata kiberiti hufika kwa mashua. Baba yake, Bwana Fadhil, alikuwa fundi wa kutia mashua kalafati, kuziba nyufa maji yasiingie, akafariki Nasreen akiwa bado anasoma sekondari hapa Amu. Aliyebaki kumsomesha ni mama yake, Bi Kadija, na alimsomesha kwa pweza. Maji yakipwa huteremka mwambani na wanawake wenziwe, kila mmoja na ndoo yake na chuma chake, wakawatafuta pweza mashimoni mpaka maji yaanze kujaa. Pweza ndiye aliyelipa sare, vitabu na nauli. Baadaye ndiye aliyempeleka Nasreen bara kusomea ukutubi chuo kikuu. Mwenyewe husema shahada yake ukiinusa vizuri inanuka chumvi.

Kazi za ukutubi ni chache huku kwetu, basi alivyorudi akaifanya laptopu kuwa maktaba yake. Asubuhi hushuka kuchukua mkate wa mofa na chai ya maziwa, kisha akapanda tena. Modemu ameifunga dirishani kwa uzi, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Nikipanda darini kuanua nguo hupita kwake, akanionyesha anachofanya, nami kwa ualimu wangu siwezi kuacha kuuliza.

Nilivyoelewa ni hivi. Huingiza maneno katika hifadhi za makala, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, zikamrudishia mamia. Programu moja huziondoa zilizojirudia. Nyingine huzipanga kwa mwandishi na mwaka, ili asipoteze chimbuko la neno. Halafu kuna akili mnemba, ambayo huzipitia zote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai na kumtolea muhtasari. Nasreen huutazama muhtasari huo kama mimi nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi anayewatangulia wenzake kumaliza mtihani. Hurudi kwenye makala zenyewe, akazisoma kwa macho yake, moja baada ya nyingine.

Mwaka jana shirika moja la kuhifadhi bahari, lenye ofisi Nairobi, lilimpa kazi iliyomfurahisha kuliko zote. Walitaka kuufunga mwamba wa Ndau, usiguswe kabisa, ili pweza wapate kuzaana. Kwa kanuni zao wenyewe hawafungi mahali kabla ya kukaa na wanaopatumia. Swali lilikuwa ni nani anautumia mwamba ule, na jibu walitaka litoke katika mapitio ya maandishi. Aliyemsimamia aliitwa Emily, mtu mpole kwenye simu, mwenye kukushukuru hata pale unapomkatalia. Nasreen alidhani safari hii analipwa kuandika jambo alilolijua tangu utotoni, tofauti ikiwa ni marejeo tu.

Siku muhtasari ulipotoka aliniita. Nilipanda ngazi haraka nikihofu ameumwa, nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Akanisomea. Tafiti kumi na moja, muhtasari ulisema, zinakubaliana kwa nguvu kwamba wanawake wa Ndau hawaendi baharini wala mwambani, kwa kuwa dini yao inawazuia. Wanaoutumia mwamba ni wanaume wachache, tena kwa msimu. Kwa hiyo mazungumzo ya kuufunga yanaweza kufanywa na wanaume hao.

Nilimwomba arudie kwa sababu nilidhani sikusikia. Akarudia. Binti aliyevalishwa sare na pweza wa mwamba ule alikuwa anaambiwa na mashine kwamba mama yake hajapata kuukanyaga. Na haikusemwa kwa shaka. Ilisemwa kwa nguvu ya watu kumi na mmoja wenye shahada.

Nilikuwa mwalimu, na wanafunzi kumi na mmoja wakiniletea sentensi moja siwapigii makofi kwa kukubaliana. Nawasimamisha mbele ya darasa nijue nani alikaa karibu na nani. Nilimwambia Nasreen hivyo hivyo, naye tayari alikuwa ameifungua programu nyingine, ile inayochora nani amemnukuu nani. Kila makala ni duara, na kila nukuu ni mstari. Alipobofya ile sentensi, mistari yote ilikwenda ikapiga duara moja dogo pembeni, tasnifu ya shahada ya uzamili ya binti mmoja kutoka bara. Wengine kumi hawakuwa wamevuka hata mkondo kwenda Ndau. Wa kwanza alimnukuu yule binti, wa pili akamnukuu wa kwanza, na kila mmoja akaongeza chumvi yake. Yupo aliyekitoa kisiwa kimoja akaweka visiwa vyote, hata Kizingitini ikaingia. Mwingine alitoa visiwa akaweka wanawake wa Kiislamu wa pwani nzima. Wa mwisho alieleza kwa kirefu jinsi wanaume wetu wanavyotufungia ndani, nami ninayesoma habari hiyo ndiye mwenye nyumba, mwenye funguo zote kiunoni.

Tasnifu yenyewe haikuwa rahisi kupatikana. Nasreen aliandikia maktaba ya chuo hicho mpaka wakaipiga picha na kumtumia. Akaisoma yote. Kisha akaja jikoni kwangu na laptopu mikononi, akaiweka juu ya meza pembeni ya sinia la mchele niliokuwa nikichagua, akanionyesha aya moja kwa kidole. Mhojiwa mkuu, ilisema, ni mjane wa makamo, nyumba ya kwanza ukitoka gatini, aliyekutwa peke yake akisuka ukili. Alipoulizwa kama huenda baharini alijibu kwamba haendi. Alipoulizwa sababu alisema dini haimruhusu. Mtafiti alibainisha kwamba asubuhi hiyo hakuona mwanamke mwingine yeyote kijijini, jambo lililothibitisha kwamba wanawake hufichwa majumbani.

"Nyumba ya kwanza ukitoka gatini ni kwetu," Nasreen aliniambia. "Na mwezi huu aliouandika hapa, baba alikuwa ametuacha wiki chache nyuma."

Sikuhitaji kuongezewa. Bi Kadija alikuwa amekaa eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, hadi eda yake iishe. Akija mtu kumuuliza kama anakwenda baharini atasema haendi, na akiulizwa kwa nini atasema dini hairuhusu, na yote mawili ni kweli tupu. Hapa kwetu hakuna asiyemtambua mwanamke aliye edani, ukimwona tu umeshajua. Haikumpitikia Bi Kadija kichwani kwamba yupo mtu wa kuambiwa.

Nasreen alimpigia mama yake hapo hapo jikoni, akaiweka simu kwenye spika, sote wawili tukasikia. Bi Kadija alimkumbuka yule binti vizuri sana. Alikuwa na adabu, alisema, alikunywa chai na kumaliza kaimati zote, na kwa mtu wa msibani mgeni wa kuzungumza naye ni rehema. Nasreen akamsomea yaliyoandikwa.

"Nalikuwa eda, mwanangu, ningekwendaye?" Bi Kadija alisema. "Na hao wenzangu walikuwa mwambani, ndiyo maana hakuona mtu. Hakuuliza wako wapi?"

Hakuuliza. Kijiji kizima cha wanawake kilikuwa kimeinama mwambani kikitafuta riziki, umbali wa kuita ukasikika, na yeye akaandika kwamba wamefichwa. Aliyemkuta ndani alikuwa ndani kwa sababu amefiwa. Nilijiuliza binti wa watu anawezaje kula kaimati za msiba bila kujua kuwa ni za msiba, kisha nikajiuliza hao kumi waliofuata walipewa shahada za nini. Mchele ule sikuendelea kuuchagua. Tulikula viazi siku hiyo.

Nasreen hakukasirika kama mimi, au alikasirika kwa namna yake, ya kufanya kazi. Alimwandikia mwenye tasnifu. Alijibiwa kwa upole kwamba ameshahamia katika mambo ya benki, na kwamba utafiti wa siku zile aliuacha chuoni. Basi akampigia Emily. Nilikuwapo, niliketi kitandani kwake nikikunja foronya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Alimweleza yote kwa utaratibu, kuanzia eda mpaka ule mchoro wa maduara na mistari. Emily alisikiliza hadi mwisho, akashukuru. Kisha akasema anasikitika, lakini kanuni za mapitio ni kuchukua yaliyochapishwa. Maelezo ya Bi Kadija ni maneno ya mdomo, hayawezi kuingia.

"Na hayo yaliyochapishwa," Nasreen alimuuliza, "yametoka mdomo wa nani?"

Emily akatoa la pili, na hilo ndilo lililonifanya nisimame. Alisema Nasreen aangalie sana, kwa sababu mhojiwa ni mamake mzazi, na watu wanaweza kusema anapendelea upande. Fikiria. Neno la Bi Kadija lilikuwa ushahidi alipolichukua mgeni, likanukuliwa na wageni wengine, likavuka bahari na kurudi. Bi Kadija mwenyewe alipotaka kulifafanua, likageuka kuwa soga za mama na mwanawe. Nilitaka kuinyakua simu. Nasreen alinizuia kwa kiganja bila kunitazama.

Alimwambia Emily kwamba atafuata kanuni, zote. Katika kanuni hizo hizo imo moja inayosema makala zinazotumia data moja huhesabiwa kuwa utafiti mmoja, na programu ina sehemu yake ya kuziunganisha. Yeye ataziunganisha. Mahali paliposema tafiti kumi na moja patasema mhojiwa mmoja, aliyeulizwa mara moja, akiwa edani, na maana ya eda ataieleza kwa marejeo ya vitabu vya fikihi, ambavyo vimechapishwa tangu zamani kuliko shirika lao. Kama hawataki, waweke jina la mtu mwingine juu ya mapitio hayo, kwa sababu lake halitakuwapo. Kisha akamshukuru Emily, akakata simu, akaenda kunawa uso.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Ramani ya kufunga mwamba ilikuwa imeshachorwa, wino umekauka, na siku ya kuipitisha ilikuwa imetangazwa. Ndau wanaume walikuwa wamealikwa na posho ya usafiri wameandaliwa. Wanawake walisikia habari kwa waume zao. Bi Kadija alimuuliza bintiye kwenye simu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, ikiwa mwezi ujao ataruhusiwa kushuka au atafute kazi nyingine katika umri ule. Nasreen alimwambia apige dua. Baada ya simu hiyo alikaa muda mrefu akiutazama ukuta wangu wa chokaa, nami nikajua anawaza kuwa pweza waliomfundisha kusoma ndio wanaofungwa kwa maandishi.

Mwishowe Emily alikubali nusu. Mapitio yaliyounganishwa yalikuwa yamewafikia wakubwa wake, na mmoja wao, sijui nani, Mungu amlipe, aliuliza inakuwaje mwamba mzima ufungwe kwa neno la mtu mmoja. Wakaamua kumtuma kijana wao, Crispus, aende Ndau kuhakikisha. Nasreen aliwapa sharti moja tu, aende siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali. Nami nikasema siachwi nyuma, nina jamaa wa kuwaangalia kule, jambo ambalo si kweli.

Crispus alikuwa mwema, mrefu, amevaa viatu vyeupe. Tulifika Ndau maji yamekwisha kukauka, mwamba umetoka wote. Yeye akatuambia utaratibu ni kuanza na mhojiwa wa awali, akaenda moja kwa moja nyumba ya kwanza ukitoka gatini, akabisha hodi. Akabisha tena. Hapakuwa na mtu. Alizunguka nyumba za jirani, nazo zilikuwa hivyo hivyo, milango imerudishwa, kuku wanatembea uwanjani. Akarudi, akatoa tableti yake, na nikamwona kwa macho yangu anachagua jibu kutoka katika orodha: mhojiwa hakupatikana.

Nimefundisha watoto wa kila aina na nilishafungua mdomo nimkaripie. Nasreen aliniwahi.

"Ndugu yangu Crispus, usiandike hivyo. Umebisha nyumbani kwake. Sasa mtafute aliko."

Kwa haki yake, hakubishana. Alitazama mwambani, Nasreen alikomwonyesha, akawaona wanawake. Walikuwa wengi, wamefunga nguo kiunoni, ndoo mikononi, wameinama juu ya mashimo na madimbwi mpaka mbali, kwenye mstari wa povu. Alivua viatu vyeupe, akavishika mkononi, akaanza kuteremka akichagua pa kukanyaga. Bi Kadija tulimkuta upande wa mbele, ana pweza mmoja ndooni na mwingine amemzonga mkono, anambandua mnyiri mmoja baada ya mwingine huku akituitikia salamu. Crispus alimwamkia kwa heshima, akajitambulisha, akamuuliza maswali yake, akiandika. Kwamba anakuja mwambani? Tangu alipokuwa mdogo. Kwamba dini inamzuia? Alimtazama, akatutazama sisi, akacheka kidogo.

"Andika nilivyokwambia," alimwambia, "na uandike na ulikonikuta."

Crispus aliandika. Akapiga na picha, kwa ruhusa yao, ya mikono na ndoo bila nyuso. Siku ya kikao wanawake walialikwa, wakaja wakajaza ukumbi, na ramani ikachorwa upya nao wakiwa wameketi. Sehemu ya kuwapumzisha pweza waliichagua wao, kwa miezi waliyoitaja wao, na mwamba uliobaki ukaachwa wazi. Emily alimpigia Nasreen kumshukuru, kama kawaida yake. Nilidhani hapo hasira yangu ingeshuka.

Haikushuka, na nitaeleza sababu. Mapitio ya Nasreen ni mali ya shirika, yamo katika makabati yao, hayakuchapishwa. Zile kumi na moja zimechapishwa. Juzi Bi Kadija alikuwa hapa kwangu, amekuja kumwona mwanawe, na tukiwa tunakunywa chai nilimwomba Nasreen aiulize tena ile akili mnemba juu ya wanawake wa Ndau. Ikajibu bila kusita, kwa adabu na kwa uhakika uleule, kwamba tafiti kumi na moja zinakubaliana, hawaendi mwambani, dini inawazuia. Nasreen alimfasiria mama yake neno kwa neno.

Bi Kadija alikiweka kikombe chini. Vidole vyake vina makovu ya mwamba ya miaka mingi, naye alivitazama kidogo kabla ya kusema.

"Basi kwao mimi yeo bado nimo edani," alisema. "Fadhil ana miaka mingapi kaburini, na hawa hawajanitoa ndani."

Nasreen aliivuta laptopu karibu, akafungua ukurasa mtupu, akaandika juu kabisa jina lake na la mama yake, kama waandishi wawili wa makala moja. Nilimuuliza ni kwa kazi ya nani. Akasema hii hakutumwa na mtu.